Madume tasa: namna mbung'o alivyotoweka Unguja

Ukikaa maabara mbele ya kizimba cha mbung'o, kizimba cha wavu, duara, kipana kama sahani ya wali, ukavuta subira, utamwona jike akizaa. Hatagi mayai. Tumbo limemvimba, amejishika kwenye wavu ametulia tuli, kisha anatoka buu mmoja mweupe mwenye vinundu viwili vyeusi mkiani, uzito wake unakaribia wa mama aliyemzaa. Buu anapenya tundu la wavu na kudondoka. Porini angejichimbia udongoni papo hapo. Muda si mrefu ngozi yake inakauka, inakuwa ganda jeusi gumu mithili ya mbegu ndogo, na humo ndani inzi anajengeka kwa takribani mwezi mzima. Wafugaji tunaowaonyesha jambo hili hushangaa: "Kumbe anazaa kama mbuzi!" Hawakosei. Mbung'o jike hubeba mimba ya mtoto mmoja mmoja, humnyonyesha kwa maziwa tumboni mwake, na huzaa kila baada ya siku tisa au kumi. Mbu hutaga mayai kwa mamia. Mbung'o akifika watoto kumi maisha yake yote, ameishi sana.

Naanza na uzazi kwa sababu silaha iliyommaliza mbung'o wa Unguja ilitoka humo humo. Mdudu anayezaa kidogo hivi hana pa kuegemea akipoteza hata mimba chache. Tena jike huwa anapandwa mara moja tu, mapema katika uhai wake, akazihifadhi mbegu za dume huyo na kuzitumia hadi kufa. Mara chache sana hurudia.

Unguja ilikuwa na aina moja tu ya mbung'o, Glossina austeni, mdogo, mpenda vichaka na kivuli. Ugonjwa wa malale kwa binadamu haukuwapo, lakini ng'ombe waliugua nagana, ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na mbung'o: homa za mara kwa mara, damu kupungua, manyoya kusimama, kukonda huku majani yapo tele, kutupa mimba. Ng'ombe wa maziwa wa kisasa hakuwa na maisha marefu maeneo hayo. Kabla ya 1994 ilitumika dawa ya kuua wadudu, kwa kummwagia ng'ombe mgongoni na kwa vitambaa vilivyoloweshwa dawa. Mbung'o walipungua sana, ila hawakwisha. Ndani ya msitu wa Jozani, ambako ng'ombe hawaingii na vitambaa haviwezi kutundikwa kila kichaka, walibaki. Kumwaga sumu kutoka angani juu ya makao ya kima punju mimi binafsi nisingeliunga mkono hata kama lingewezekana.

Hapa ndipo ilipoingia mbinu ya madume tasa. Wazo lake ni la Edward Knipling, mtaalamu wa wadudu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, akishirikiana na Raymond Bushland. Walikuwa wakipambana na inzi ambaye mabuu yake hula nyama hai ya mifugo kupitia vidonda. Waliwafuga inzi hao kwa wingi, wakawapiga mionzi iliyoharibu mbegu zao bila kuwaua, wakawaachia. Jike aliyepandwa na dume wa namna hiyo hapati watoto. Mwaka 1954, katika kisiwa cha Curaçao, inzi huyo alikwisha, na mwaka 1992 wawili hao wakapewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Uzuri wa mbinu hii uko kwenye hesabu yake, nami naomba msomaji aitunze akilini kuliko kitu kingine chochote katika makala haya. Dawa ni kali pale wadudu wanapokuwa wengi. Wakishakuwa wachache na waliojificha, unatumia dawa nyingi kumwinda mmoja. Dume tasa ni kinyume chake. Ukiachia idadi ileile kila wiki, kadiri wa porini wanavyopungua ndivyo uwezekano wa jike kukutana na dume mzima unavyozidi kuwa mdogo. Halafu dume anamtafuta jike mwenyewe, hata katikati ya Jozani. Ndiyo maana Unguja dawa ilitangulia kuwapunguza, madume wakafuata kumaliza.

Madume walifugwa Tanga, katika kituo cha utafiti wa mbung'o na nagana. Kulisha ndiko kulikokuwa kazi ngumu, maana mbung'o, dume na jike, hali chochote ila damu. Ilitumika damu ya ng'ombe kutoka machinjioni, ikamiminwa kwenye sinia lenye joto kama la mwili, ikafunikwa utando mwembamba wa silikoni. Kizimba kikiwekwa juu yake, mbung'o hutoboa utando kama ngozi na kunywa. Kuwatenganisha madume na majike maumbile yenyewe yalisaidia: majike hutangulia kutoka kwenye ganda, madume hufuata siku moja au mbili baadaye.

Kati ya Agosti 1994 na Desemba 1997 ndege ndogo zilidondosha juu ya kisiwa madume tasa wapatao milioni 8.5. Kazi hiyo ilifanywa na serikali zetu pamoja na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki.

Watu huuliza, na wana haki ya kuuliza: mnatuongezeaje mbung'o mkisema mnawapunguza? Na hao waliopigwa mionzi hawatuletei madhara? Mionzi inayotumika, miale ya gama, humpita mdudu kama mwanga unavyopita kwenye kioo. Haimgeuzi kuwa chanzo cha mionzi. Kuhusu kuuma, ni kweli dume tasa naye huuma. Kwa hiyo kabla ya kuachiwa hulishwa damu safi, na katika miradi ya namna hii damu hiyo hutiwa dawa inayozuia vimelea vya nagana kukua mwilini mwake. Vilevile hupakwa unga wa rangi unaong'aa chini ya taa maalumu, ili akinaswa ajulikane ni wetu au ni wa porini.

Mbung'o wa porini wa mwisho Unguja alinaswa Septemba 1996. Safari za ndege hazikusimama. Ziliendelea zaidi ya mwaka, kwa kuwa ganda lililofukiwa udongoni halionekani kwenye mtego wowote. Nagana kwa ng'ombe ikatoweka pamoja na mbung'o.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini tusifanye hivyo Tanzania Bara yote. Unguja ni kisiwa cha takribani kilomita za mraba 1,600, aina moja ya mbung'o, bahari pande zote. Bara tuna aina kadhaa zinazoishi pamoja, na ukisafisha wilaya moja bila ya jirani, wanarudi msimu ule ule. Kila aina ingehitaji ufugaji wake. Kwa sasa, kwa mfugaji wa bara, dawa ya kumwagia mgongoni na vitambaa vya buluu na vyeusi vyenye dawa ndivyo vyenye faida ya haraka, mradi majirani wafanye kwa pamoja.

Wengi huchanganya mbung'o na chafuo. Mtazame akiwa ametua: mabawa ya mbung'o hulaliana, moja juu ya jingine, kama mkasi uliofungwa, na mdomo wake umechomoza mbele. Ukilinyanyua bawa kwenye mwanga, katikati yake utaona mistari iliyochora umbo la shoka, na hakuna inzi mwingine mwenye shoka hilo. Ukimuua usimponde. Mweke mkavu kwenye kisanduku cha kiberiti, umpelekee ofisa mifugo wa kata yako na kumweleza ulikomkamata na saa gani. Tukishajua ni aina gani, tunajua mtego upi utegwe, wapi, na kwa urefu gani kutoka ardhini.