Ukisafiri, leta lenzi: bodi mpya nunua nyumbani

Wapiga picha wa Mombasa hunipigia simu wakiwa tayari dukani. Mmoja yuko Deira kule Dubai, mwingine Shinjuku kule Tokyo, mwingine amekwenda London kwa shangazi yake. Kamera iko mkononi, muuzaji amesimama anangoja, na mimi natakiwa niseme kwa dakika mbili, anunue au aache. Kazi yangu ni kufungua kamera na lenzi na kuzitengeneza, na najua mengi ya kumwambia mtu huyo, lakini hayaenei kwenye simu ya haraka. Basi nayaandika hapa, uyasome kabla hujafika uwanja wa ndege wa Moi.

Msimamo wangu ni mmoja. Ukienda ng'ambo, pesa zako zitie kwenye lenzi zilizotumika. Bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi, inunue kwa wakala aliye hapa Kenya, hata bei yake ikizidi kidogo.

Kwa nini? Kwa sababu bodi ndiyo inayokufa. Ina shata, pazia linalofunguka kila unapopiga picha, nayo hupiga maelfu kwa maelfu, ina saketi, ina matundu ya kuchomeka nyaya ambayo upepo wetu wa chumvi unayaingia bila kubisha hodi. Dhamana ya bodi mpya mara nyingi imefungwa kwenye nchi au eneo iliponunuliwa. Ikizima baada ya miezi mitano, karatasi uliyopewa Dubai haitakusaidia hapa. Itabidi uirudishe kwa gharama yako na uieleze forodha inaporudi. Na kuna makampuni makali zaidi ya hapo: tawi la Nikon la Marekani kwa miaka mingi limekataa kutengeneza, hata kwa malipo, kamera ambayo halikuiingiza lenyewe nchini humo.

Lenzi ni jambo jingine. Ni vioo, chuma na mota ndogo. Ikitunzwa inafanya kazi miaka 20 na 30. Canon EF 85mm f/1.8 ilitoka mwaka 1992, na mpaka leo akina dada wanaopiga picha za sherehe ya kupamba bibi harusi wananiletea niisafishe, kisha inarudi ukumbini kwenye taa hafifu za rangi na kutoa picha ambazo lenzi ya f/4 mpya haiwezi kuzitoa (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga mwingi zaidi unaingia). La muhimu zaidi, maradhi mengi ya lenzi yanaonekana kwa macho hapo hapo kaunta, ukiwa na tochi ya simu tu. Maradhi ya saketi huyaoni.

Na wakati huu ni mzuri kwa mnunuzi. Tangu 2018, Canon ilipoleta mfumo mpya wa kufungia lenzi uitwao RF na Nikon ukaleta wake wa Z, wapiga picha wa nchi tajiri wamekuwa wakihamia kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless) na kuuza lenzi zao za zamani. Rafu zimejaa lenzi za mifumo ya zamani, Canon EF na Nikon F, na bei zimeshuka. Ukiwa na bodi ya RF, lenzi ya EF itafanya kazi kamili kwa adapta ya Canon, otofokasi na yote, kwa sababu adapta hiyo haina kioo cha lenzi ndani. Ni bomba tupu lenye vituo vya chuma vya kupitisha umeme, linaloziba tofauti ya milimita 24: EF hukaa milimita 44 kutoka kwenye sensa, kipande kinachonasa picha ndani ya bodi, RF hukaa 20. Kwa Nikon kuwa mwangalifu. Adapta yake ya FTZ, inayofunga lenzi za F kwenye bodi za Z, haina mota, kwa hiyo lenzi za AF na AF-D, ambazo zilikuwa zikizungushwa na mota ya bodi, zitakulazimu kufokasi kwa mkono. Tafuta zilizoandikwa AF-S au AF-P.

Mahali ninapopapenda kwa lenzi zilizotumika ni Tokyo. Map Camera na Kitamura ziko Shinjuku, na ukipanda treni ya haraka ya Chuo kituo kimoja tu unafika Nakano, kwenye Fujiya Camera. Maduka haya yanaandika hali ya kila lenzi kwenye lebo yake, na hayafichi. Muulize muuzaji mambo matatu kwa Kijapani hata kama hujui sentensi nzima: kabi ni kuvu, kumori ni utando kwenye kioo, kizu ni mkwaruzo. Atakuonyesha lebo inasemaje. Kikapu kilichoandikwa janku ni cha vitu ambavyo duka halividhamini kabisa. Mimi fundi napekua humo kutafuta vipuri, wewe kipite. Japani nayo ina majira ya joto yenye unyevu kama wetu, na wapiga picha wengi wa huko huhifadhi lenzi kwenye kabati maalumu la kukausha hewa. Ndiyo maana lenzi ya miaka 25 hutoka huko ikiwa safi.

London kuna bei nzuri za vilivyotumika, hasa ukiagiza mtandaoni mapema, kifaa kikakusubiri kwa ndugu yako. New York kuna B&H kwenye Barabara ya 9, duka kubwa lenye sehemu yake ya vilivyotumika; ni la Wayahudi wanaoshika Sabato, kwa hiyo Ijumaa alasiri linafungwa na Jumamosi huingii. Panga siku zako. Dubai ni rahisi kwetu kwa usafiri, lakini Deira, pale Baniyas na Al Sabkha, nguvu yake ni vitu vipya, na vitu vipya nimeshasema ninavyoviona. Ukinunua hata hivyo, fungua boksi mbele ya muuzaji, linganisha namba ya utambulisho (serial number) iliyo chini ya bodi na ile ya boksi, na uhesabu chaja, betri na mkanda. Kuna maduka yanayokutajia bei ya chini kisha chaja, iliyotoka humo humo kwenye boksi, unauziwa peke yake.

Sasa tuje kwenye tochi, maana hapa ndipo pesa zinapookolewa.

Kijana mmoja aliniletea lenzi ya zumu ya 70-200 aliyoitoa safarini. "Fundi," akaniambia, "nimeipata bei ya kutupa, ila picha zinatoka zimepauka nikielekea jua."

"Mwanangu, uliimulika kabla ya kulipa?"

"Hapana. Ilikuwa imefungwa kwenye nailoni, safi kabisa kwa nje."

Nikaiweka tochi nyuma ya lenzi. Katikati ya kioo cha ndani kulikuwa na nyuzi nyembamba nyeupe zikitawanyika kutoka nukta moja, kama mizizi ya nyasi. Kuvu hicho. Kilikuwa kimekaa muda mrefu kiasi kwamba nilipokifuta alama ilibaki, kwa sababu kuvu hutoa asidi inayokula rangi ya juu ya kioo. Hapo fundi hana dawa.

Kwa hiyo fanya hivi. Toa vifuniko vyote viwili. Fungua apacha, tundu linalopitisha mwanga ndani ya lenzi, mpaka mwisho; lenzi nyingi za zamani zina pete yake, na zile za Canon EF zisizo na pete huwa wazi zenyewe zikiwa nje ya bodi, ila za Nikon aina ya G hujifunga, basi sukuma kikono kidogo kilicho nyuma zifunguke. Weka tochi nyuma, wewe tazama kutoka mbele, lakini usitazame mwanga wenyewe. Inamisha lenzi kidogo upande, mpaka mwanga upite pembeni na kila kitu kilicho juu ya vioo kiwake. Zungusha polepole. Kisha geuza, tochi mbele, jicho nyuma. Vumbi utaliona na halina neno. Hata lenzi mpya ina vumbi, na halionekani kwenye picha. Nyuzi ni kuvu, iache. Weupe uliotanda sawasawa juu ya kioo kizima ni utando. Huo wakati mwingine husafishika, lakini huwezi kujua pale dukani, basi iache pia, labda bei iwe ya kukufanya uthubutu. Ukiona ukingo wa kioo una rangi za upinde wa mvua au mapovu, gundi inayoshika vioo viwili imeachia. Kuitengeneza kunagharimu kuliko lenzi.

Nasisitiza kuvu kwa sababu ya tunapoishi. Mbegu zake ziko hewani kila mahali. Kinachozilea ni unyevu, na unyevu wa Mombasa ni wa kutosha karibu mwaka mzima. Lenzi yenye doa dogo la kuvu inaweza kukaa kabatini Arizona, jangwani Marekani, miaka 10 bila doa kukua. Ilete Kisauni, iache kwenye begi la kitambaa msimu wa masika, na utaikuta nyingine.

Baada ya vioo, zungusha pete za zumu na fokasi karibu na sikio. Ukisikia mchanga unasaga, umeingia ndani. Tazama skrubu za maunti, pale lenzi inapofungwa kwenye bodi: kijani au unga mweupe ni dalili ya chumvi ya bahari, na lenzi iliyofikia hapo ilishalowa. Mwisho omba uifunge kwenye bodi, nenda mlangoni, piga jengo la ng'ambo ya barabara apacha ikiwa wazi kabisa, ukuze picha uangalie pembe zote nne. Zote zikiwa laini kidogo, ni kawaida. Moja ikiwa imefifia sana na tatu ni kali, kioo kimepinda ndani; huenda lenzi iliangushwa, hata kama nje haina alama.

Ikiwa bado una hamu ya bodi iliyotumika, uliza idadi ya shata. Canon ilipima 5D Mark IV kwa mapigo 150,000, Nikon ikapima D850 kwa 200,000. Hiyo haina maana kwamba itakufa siku hiyo. Nimeona zilizozidi mbali na zilizokufa kabla. Ila bodi yenye mapigo 180,000 isiuzwe kwa bei ya yenye 20,000. Piga mbingu au ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya sensa. Kamera ya Sony ukiiona Japani, iwashe na uifungue menyu kabla ya kuuliza bei, kwa sababu nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina menyu ya Kijapani tu, na hakuna mpangilio wa kuibadilisha.

Wanaopiga video wakumbuke umeme. Wetu ni wa volti 240, hezi 50, na taa za ukumbini hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyofungwa kwenye fremu 30 na 60 kwa sekunde, kama zilivyo kamera nyingi za zamani za video zilizouzwa Marekani na Japani, inaweza kukupa mistari inayotembea kwenye uso wa bibi harusi. Hakikisha inaweza kuwekwa PAL, mfumo wa video unaolingana na umeme wetu, upige fremu 25 na shata ya 1/50. Chaja za betri nyingi hupokea volti 100 mpaka 240, hizo zinataka plagi tu. Taa kubwa za studio za Marekani ndizo hatari: nyingi ni za volti 120 pekee. Soma kibandiko cha nyuma, maana ukiichomeka hapa bila transfoma utasikia mlio mmoja na harufu.

Memori kadi na betri usinunue barabarani popote duniani. Kadi bandia ya GB 128 inaweza kuwa na GB 8 ndani na ikakubali kuandika mpaka mwisho huku ikifuta harusi ya watu. Ijaze ukiwa hotelini kwa programu ya H2testw, au F3 kwa watumiaji wa Mac, wakati duka bado liko karibu. Betri za ziada ziweke kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo wa chini; ndege zinakubali mpaka saa-wati 100 kila moja bila kibali, na betri ya Sony NP-FZ100 ni 16.4 tu, kwa hiyo huna shida. Zibe vituo vyake vya umeme kwa utepe.

Kodi hubadilisha hesabu. Japani ni asilimia 10, na mgeni mwenye pasipoti husamehewa dukani kwa ununuzi kuanzia yeni 5,000. Kuanzia Novemba 1, 2026 utaratibu unageuka, utalipa yote kisha urudishiwe unapoondoka. Dubai VAT ni asilimia 5 na hurudishwa sehemu yake kubwa kwa ununuzi kuanzia dirhamu 250, mradi uombe dukani unaponunua na uthibitishe uwanja wa ndege kabla ya kukabidhi mabegi. Uingereza ni asilimia 20, na London haimrudishii mgeni anayebeba bidhaa mwenyewe tangu mwanzo wa 2021. Marekani hakuna VAT ya taifa wala marejesho yake. Kodi ya jimbo inaongezwa juu ya bei unayoiona kwenye kibandiko. Na mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa sarafu ya huko, chagua ya huko. Ya shilingi inakuja na kiwango kibaya cha kubadilisha pesa.

Ukirudi, KRA wana kiwango cha thamani kinachosamehewa abiria, na kinaweza kubadilishwa. Kiangalie kwenye tovuti yao wiki ya safari. Kinachozidi unalipia ushuru na VAT ya asilimia 16. Uingize hesabu hiyo kabla ya kusema umepata bei nzuri. Usimwombe muuzaji akuandikie risiti ya uongo, kwa sababu ofisa akiitilia shaka atakadiria bei mwenyewe, na bima haitakulipa zaidi ya ulichoandika. Vifaa vyako vya zamani unavyotoka navyo, beba risiti zake au waonyeshe forodha wakati wa kuondoka wakuandikie namba zake, usije ukatozwa kwa kamera uliyoinunua Moi Avenue.

Na nunua siku za mwanzo za safari. Lenzi ukiitumia siku tatu mjini humo utaijua, na duka la kuirudisha bado liko hatua chache kutoka hotelini.