Kuongeza ACK hakuigeuzi multikasti kuwa TCP

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na mtu wa mitandao kabisa: "Si uongeze ACK tu, multikasti iwe ya kuaminika kama TCP?" Multikasti ni kutuma pakiti (kipande cha data) mara moja ikafikia kundi zima; TCP ni njia ya kutuma inayohakikisha kila kipande kimefika; ACK ni risiti ya mpokeaji, "nimepata". Jibu ni hapana. Nimechoka kulijibu hili kwenye simu, acha niliandike.

TCP ni ya watu wawili. Multikasti ina mtumaji na wapokeaji ambao hata idadi yao haijui: wanajiunga na kundi kwa IGMP (ujumbe wa kuiambia ruta "nami nimo"), ruta inapata habari, mtumaji hana habari. Sasa wawe 1,000, kila mmoja arudishe ACK. Umetuma pakiti moja, zimekurudia 1,000 kwa mkupuo. Mzigo ulioukimbia umeurudisha mlangoni mwako.

Ndiyo maana PGM (hati ya RFC 3208, mwaka 2001) na NORM, itifaki mbili za multikasti ya kuaminika, ziligeuza kibao: ukipata nyamaza, ukikosa lalamika kwa NAK, yaani ujumbe wa "sijapata". Tena usikurupuke, subiri muda wa kubahatisha, na ukisikia pakiti hiyo imeshalalamikiwa, kaa kimya. Muda huo uwe kiasi gani? Fomula zipo, na bado mara nyingi naishia kupapasa mpaka mtandao utulie.

Linalonikera hasa ni watu kuhesabu ukimya kuwa habari njema. Tuma pakiti namba 1 hadi 40. Aliyepoteza ya 17 akiona ya 18 anashtuka, kuna pengo. Aliyepoteza ya 40 je? Hakuna ya 41 ya kumshtua. Yeye kimya, mtumaji kimya, kila mmoja anaamini mambo shwari. Kosa hili lilinila siku mbili nzima: faili zilifika zote zikikosa kipande cha mwisho, na logi (kumbukumbu za mfumo) safi kama maji. Dawa yake ni mtumaji kuendelea kutangaza namba ya mwisho aliyotuma hata akiwa hana jipya. Katika PGM tangazo hilo ni SPM. Mimi nilikuwa nimelizima ili "kupunguza kelele".

Halafu kuna bafa, hifadhi ya muda ya pakiti zilizotumwa. Mtumaji hawezi kutunza kila pakiti milele. NAK ikichelewa, dirisha (pakiti ambazo bado anazitunza) limeshasogea. Isome ahadi ya PGM polepole: mpokeaji atapata data yote, au ataweza kugundua kwamba kuna iliyopotea isiyorejesheka. Hiyo "au" ndiyo watu wanairuka. Programu yako ikiambiwa "pengo, halizibiki", itafanya nini? Nikiuliza hivyo, kikao kizima kinaangalia meza. Ukimsubiri anayechechemea, kundi zima litatembea kwa mwendo wake. Ukimtoa, basi hukumfikishia. Mimi huwatoa, na sina hakika kila mara nilifanya haki.

Mfuatano sitauchambua leo. Jua tu kwamba watumaji wakiwa wawili, kupata ujumbe wote si sawa na wote kuupata kwa mpangilio mmoja. Hiyo ni kazi nyingine, ngumu zaidi.

Na usiniambie ilifanya kazi kwenye kebo. Kwenye Wi-Fi, fremu (vifurushi vya data hewani) za multikasti zinazotoka kituo cha hewani (access point) kwa kawaida hazipati ACK hata ngazi ya chini kabisa, isipokuwa kituo kizigeuze kwanza ziwe za mmoja mmoja.

Wapokeaji wako wakiwa kumi, fungua miunganisho kumi ya TCP ukalale. Wakizidi hapo, mpaka wenyewe wa kuhamia multikasti huwa naupima upya kila kazi, na mara mbili tatu nimepima vibaya.