Mtoto Ameitoa Wapi Sikoseli? Maswali na Majibu Kuhusu Kurithi

Haya ni maswali kuhusu sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, ninayoulizwa na wazazi huku Kisumu, mengi yao kwa sauti ya chini, mlango wa kliniki ukishafungwa. Nayaandika kwa sababu yanayoulizwa Nyalenda ndiyo yanayoulizwa Ahero, Siaya na Busia.

Mimi na mume wangu hatujawahi kuugua. Mtoto ameitoa wapi sikoseli?

Kwenu nyote wawili. Naanza hapo kwa sababu akina mama wengi hufika wakiwa wameshalaumiwa nyumbani, na lawama hiyo haina msingi. Sikoseli haiwezi kuja kwa mama peke yake, wala kwa baba peke yake.

Mwili hujijenga kwa kufuata maagizo yaliyo ndani ya seli zake. Agizo moja huitwa jeni. Karibu kila jeni unayo mara mbili, moja uliyopewa na mama na nyingine uliyopewa na baba. Jeni zimepangwa kwenye kromosomu 46, yaani jozi 23, na hii tunayoizungumzia iko kwenye kromosomu ya 11. Kazi yake ni kuelekeza utengenezaji wa himoglobini, kitu kinachobeba oksijeni na kuipa damu wekundu wake. Jeni ya kawaida tunaiita A. Ile ya sikoseli ni S, na kilichobadilika ndani yake ni herufi moja tu ya agizo zima.

Aliye na A mbili ni AA. Aliye na moja moja ni AS, mbebaji. Kwake ile A moja inatosha: analima, anacheza mpira, anazeeka, na huenda asijue kamwe kwamba anabeba S. Mwenye SS ndiye mgonjwa. Wewe na mume wako yamkini ni AS, na kila mmoja alimpa mtoto S yake bila kujua.

Hiyo S inafanya nini kwenye damu?

Seli nyekundu ya kawaida ni ya mviringo na laini, hupenya mishipa membamba bila shida. Himoglobini ya mwenye SS ikishaachilia oksijeni hushikana na kuwa nyuzi ngumu, seli ikapinda kama mundu. Ndiyo maana Kiswahili cha vitabuni huuita ugonjwa huu selimundu. Seli hizo hukwama, damu ikazibwa njia, na hapo ndipo yanapotoka yale maumivu ya mifupa yanayomliza mtoto usiku kucha. Tena seli hizo hufa mapema: badala ya kuishi siku 120 hivi, huishi 10 hadi 20. Ndiyo sababu mtoto hupungukiwa damu na macho yakawa ya manjano.

Daktari alituambia "mmoja kati ya wanne". Tayari tunaye mmoja mgonjwa. Watatu watakaofuata watakuwa salama?

Hapana, na tafadhali soma hapa polepole, maana kuna familia zimepanga uzazi kwa hesabu hiyo na zikaumia.

Mimi huchukua punje mbili za mahindi na maharagwe mawili, vitu vya kupikia nyoyo (githeri) ambavyo havikosekani jikoni. Mahindi ni A, haragwe ni S. Mama anashika punje moja na haragwe moja, kila mkono na chake, mikono nyuma ya mgongo. Baba vilevile. Kisha kila mmoja analeta mbele mkono mmoja bila kuchungulia. Kuna njia nne tu: mahindi kwa mahindi, mtoto ni AA; mahindi ya mama na haragwe la baba, AS; haragwe la mama na mahindi ya baba, AS tena; haragwe kwa haragwe, SS.

Halafu kila mmoja anarudisha alichotoa nyuma ya mgongo, anachanganya mikono, na mimba ya pili inaanza upya. Hilo la kurudisha ndilo watu husahau. Mimba haijui iliyotangulia ilitoa nini. Nimewahi kuwaona mume na mke wakitoa maharagwe mara mbili mfululizo, chumba kikanyamaza kabisa. Wengine hutoa mara sita na haragwe kwa haragwe lisitokee. Kila mimba ina nafasi yake moja kati ya nne, iwe ya kwanza au ya saba.

Mmoja akiwa AS na mwenzake AA, hakuna mtoto atakayekuwa SS, ingawa kila mimba ina nafasi ya nusu kutoa mbebaji. SS akizaa na AA, watoto wote ni AS. SS na AS, nafasi ya mtoto kuwa SS ni nusu kila mimba.

Mama mkwe anasema ni chira, laana, kwamba nilivunja mwiko.

Pole, mama. Mwambie, kwa heshima, kwamba ugonjwa huu unapatikana hata kwa watu wasiojua chira ni nini, Uarabuni, India na Afrika Magharibi. Huku kando ya ziwa umeenea kwa sababu ya malaria. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu sehemu mbalimbali za nchi mwaka 1949 akakuta S imejaa Pwani na karibu na Ziwa Victoria, lakini ni adimu nyanda za juu kusiko na mbu wengi. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtoto AS hukingwa dhidi ya malaria kali. Kwa vizazi vingi watoto hao walipona, wakakua, wakazaa. Hiyo S ni alama ya mababu waliookoka.

Ila usichanganye: mwenye SS hana kinga hiyo. Malaria kwake ni hatari kubwa.

Mimi ni kundi A la damu, mke wangu ni B, mtoto ametoka O. Ni wangu kweli?

Anaweza kuwa wako bila shaka yoyote. Mtu wa kundi A (hii si ile A ya himoglobini) anaweza kubeba jeni ya O iliyojificha, na wa B vilevile. Mkitoa O zote mbili, mtoto ni O. Usivunje nyumba kwa kadi ya damu.

Tupimwe lini?

Kabla ya kupeleka ng'ombe wa mahari, ikiwezekana. Kile kipimo cha haraka cha kuangalia kama seli zinapinda (sickling test) kinaonyesha tu kwamba S ipo. Hakitenganishi AS na SS, na kwa mtoto wa chini ya miezi 6 kinaweza kudanganya kwa sababu bado ana himoglobini aliyokuwa nayo tumboni mwa mama. Ombeni kipimo cha elektroforesi, kinachotenganisha aina za himoglobini. Mkikuta nyote ni AS, uamuzi ni wenu, si wangu wala wa wazee.

Wangu ameshapimwa, ni SS. Nifanye nini?

Penisilini mara mbili kwa siku hadi afikishe angalau miaka 5, chanjo zote, neti, dawa ya kuzuia malaria, foliki asidi, maji mengi. Muulize daktari kuhusu haidroksiyurea, ambayo hupunguza maumivu na kulazwa. Vidole vya mikono au miguu vikivimba kabla hajafika miaka 2, mara nyingi hiyo ndiyo dalili ya kwanza. Homa kwake ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Na jifunze kupapasa wengu, yaani bandama. Mlaze chali, weka vidole chini ya mbavu za kushoto, bonyeza taratibu anapovuta pumzi. Fanya hivyo akiwa mzima, kila siku, mkono wako uzoee ukubwa wake. Siku ukiukuta wengu umevimba na midomo imepauka ghafla, usingoje kupambazuke: ita bodaboda, mnaondoka.