Je, mtoto wa Malindi huzaliwa na ulimi wa pilipili?

Saa ya mapumziko, nje ya shule nyingi za Malindi, hakukosi mama mwenye beseni la maembe mabichi. Embe humenywa, huchanjwa mara nne au tano bila kuliachanisha na kokwa, kisha chumvi iliyochanganywa na pilipili ya unga hupakwa ndani ya michanjo. Mtoto wa darasa la pili hulila mpaka kokwa, kamasi zikimtoka, na kesho yake yuko pale pale. Mgeni wa bara akionja kipande tu, anaulizia maji. Watu wazima wakiona hivyo husema ni damu, watu wa pwani wamezaliwa nayo.

Maelezo hayo yanapendeza, ila tarehe hazikubali. Pilipili zote za jamii hii, kichaa na mbuzi zikiwemo, asili yake ni Amerika. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, pwani hii ilikuwa haijaijua bado. Ukali wa jikoni ulitoka kwenye pilipili manga na tangawizi, bidhaa za majahazi ya Bahari ya Hindi. Pilipili ilikuja baadaye, kwa njia za Wareno, na muhogo nao ukatoka huko huko Amerika. Hiyo ni miaka mia tano kwa juu, vizazi ishirini hivi. Uwezo wa mtu mzima kumeng'enya maziwa, ambao kweli umo ndani ya jeni za jamii nyingi za wafugaji wa Afrika Mashariki, ulienea kwa maelfu ya miaka, tena maziwa yalikuwa yanaokoa maisha. Pilipili ya embe haijaokoa mtu.

Kosa la pili ni kudhani ukali ni ladha, kama utamu au uchachu. Ukali ni hisia ya kuungua. Kwenye ncha za mishipa ya fahamu ya mdomoni kuna protini iitwayo TRPV1, iliyotambuliwa mwaka 1997 na kundi la David Julius, ambaye mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel. Mfikirie bawabu aliyepewa amri moja: joto likifika nyuzi 43 hivi, piga kengele. Uji wa moto ukipita, anapiga, na ni haki yake. Kapsaisini, kemikali ya pilipili, humshika mkono na kumlegezea amri, hata joto la kawaida la mdomo likatosha. Ubongo unasikia kengele ile ile ya moto, unaleta jasho, machozi na kamasi, ilhali hakuna kilichoungua. Bawabu wa ndege hashikiki na kapsaisini, ndiyo maana kuku hudonoa pilipili shambani kana kwamba ni mtama.

Kengele ikilia mfululizo, bawabu huchoka. Ila subira inahitajika: ukila tonge juu ya tonge bila kupumzika, ukali huzidi kupanda, ukisita dakika kumi au kumi na tano, raundi inayofuata huwa nyepesi. Maji hayasaidii sana kwa sababu kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki vizuri majini. Maziwa husaidia, na mchuzi wenye tui zito humeza ukali kiasi. Ukitaka kuupunguza kabla ya kupika, kwangua ule utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu. Mbegu zenyewe hulaumiwa bure. Huwa kali kwa kugusana nao.

Lakini kuzoea si kupenda. Paul Rozin na Deborah Schiller waliliangalia hili katika kijiji kimoja cha Mexico, wakachapisha mwaka 1980. Watoto waliongezewa pilipili kidogo kidogo, wakiwatazama wakubwa, hadi wakaanza kujitilia wenyewe. Mbwa na nguruwe wa kijiji hicho walikula makombo yenye pilipili kila siku, lakini walipopewa nafasi ya kuchagua, hawakuonyesha kuipenda. Nadhani mama wa beseni hafundishi kitu. Wanaofundisha ni wale wa darasa la sita wanaotangulia kwenye foleni.

Jeni hazijaachwa nje kabisa. Uchunguzi wa mapacha wa Ufini, mwaka 2012, ulionyesha urithi una sehemu yake katika kupenda ukali. Hiyo ni tofauti kati ya Mfini na Mfini, si kati ya pwani na bara.

Na tumboni? Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake walionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikunywa juisi ya karoti katika miezi ya mwisho ya ujauzito walipokea vizuri zaidi uji wa karoti. Pilipili yenyewe ni habari nyingine: watafiti wa Ujerumani waliopima maziwa ya mama waliona kemikali ya pilipili manga ikipita, kapsaisini wasiione. Pilau huenda hufika kabla ya meno, embe la pilipili husubiri shule.

Mahali jeni zinaposikika waziwazi ni kwenye uchungu. Jeni ya TAS2R38 huchangia kuamua kama sukuma wiki na kabichi zitakuwa chungu kwako au za kawaida, na ndugu wawili wa sufuria moja wanaweza kutofautiana. Mchunga una uchungu wa kemikali nyingine, kwa hiyo anayekataa sukuma anaweza kuula vizuri. Kwa mtoto wa namna hiyo, chemsha majani, mwaga maji ya kwanza, tia chumvi kidogo kabla ya tui, maana chumvi hufifisha uchungu. Mpe kijiko kimoja, si sahani. Rudia siku nyingine, mara nane hata kumi na tano. Wengi hukata tamaa kwenye ya tatu au ya nne, au humwahidi soda akimaliza, na hapo soda ndiyo inayozidi kupendwa.