Uhalali wa kiongozi: swali la "nani alimchagua?"

Oktoba 2022 nilikuwa saluni Sinza, kichwa kimenyolewa upande mmoja, runinga inamwonyesha Rishi Sunak, Waziri Mkuu mpya wa Uingereza, akiingia ofisini London. Kinyozi akazima mashine. "Huyu wa tatu mwaka huu. Hivi Waingereza wanapiga kura lini?" Mzee aliyekuwa anasubiri zamu yake kwenye benchi hakuinua hata macho kutoka kwenye simu. "Na wewe kijana, 2021 ulipiga kura lini?" Watu wakacheka, mimi nikabaki na nusu kichwa mpaka ubishi ulipokwisha.

Wote wawili walikuwa wanagombania neno moja bila kulitaja: uhalali.

Kwa Kiswahili neno hili lina mtego wake. Halali tumelizoea kwenye nyama na kwenye ndoa, ambako kitu ama ni halali ama ni haramu, basi. Kwenye siasa uhalali una pande mbili. Upande wa kwanza ni sheria: je, mtu huyu amefika pale kwa njia iliyoandikwa? Upande wa pili ni ridhaa: je, wanaoongozwa, wakiwemo wasiompenda, wanakubali kwamba ana haki ya kuwaamuru? Wa kwanza unaweza kuthibitishwa na jaji. Wa pili hauna muhuri. Unaonekana siku kiongozi anapotoa amri ngumu: watu watatii huku wakinung'unika, au watagoma. Na inawezekana kabisa kuwa na mmoja ukakosa mwingine.

Sunak ni mfano mzuri. Uingereza, mpiga kura haoni jina la Waziri Mkuu kwenye karatasi, labda awe anaishi kwenye jimbo lake. Watu wanachagua wabunge. Kiongozi wa chama chenye wabunge wa kutosha ndiye anayeitwa kuunda serikali. Chama kikibadili kiongozi katikati ya safari, nchi nzima imebadilishiwa Waziri Mkuu. Waziri Mkuu Boris Johnson alipong'oka mwaka 2022, wanachama wa chama chake, Conservative, walimchagua Liz Truss kwa kura 81,326 dhidi ya 60,399 za Sunak. Kura hizo za Truss ni Uwanja wa Mkapa umejaa pomoni na watu elfu ishirini hivi wamebaki nje getini. Ndio walioamua, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 60. Truss alidumu wiki saba. Safari iliyofuata hata wanachama hawakuulizwa: mshindani wa mwisho alijitoa, na Sunak akawa, kwa lugha yetu, amepita bila kupingwa.

Kisheria hapakuwa na doa. Kwenye ridhaa ndipo palipovuja. Kelele za kutaka uchaguzi hazikuisha hadi ulipofanyika Julai 2024, na chama chake kikaanguka vibaya.

Mzee wa kwenye benchi alikuwa na hoja, ila nusu. John Magufuli alifariki Machi 17, 2021, na Samia Suluhu Hassan akaapishwa Machi 19 kwa mujibu wa ibara ya 37(5) ya Katiba, amalizie muda uliobaki. Hakukuwa na kura mpya. Lakini mgombea urais na mgombea mwenza hupigiwa kura kwa pamoja, kwa hiyo aliyetia tiki Oktoba 2020 alimtia tiki na huyu wa pili, hata kama hakumtazama. (Nani kati yetu humtazama mgombea mwenza?) Waziri Mkuu wetu naye hachaguliwi na nchi kwa cheo hicho: Rais humteua miongoni mwa wabunge wa majimbo, kisha Bunge humthibitisha.

Sasa twende kwa wale waliochaguliwa kweli, maana hapo pana jambo ambalo watu wengi hawaligusi. Amechaguliwa, sawa, kwa hesabu gani?

Dodoma, 1995. Mkutano Mkuu wa CCM unatafuta mgombea urais wa uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virudi. Yamebaki majina matatu: Jakaya Kikwete, Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya. Duru ya kwanza Kikwete anaongoza, ila hajafika nusu ya kura. Msuya anaondolewa, wajumbe wanapiga tena, na Mkapa anashinda kwa 686 dhidi ya 639. Wajumbe ni walewale, ukumbi uleule, siku ileile. Kama kanuni ingesema "mwenye kura nyingi ndiye mshindi", mgombea angekuwa Kikwete. Kwa kuwa ilisema "mwenye zaidi ya nusu", akawa Mkapa, na Kikwete akasubiri miaka kumi. Matokeo hayakutoka kwenye vichwa vya wapiga kura peke yake. Yalitoka pia kwenye kanuni.

Kinachonishangaza ni kilichofuata. Mwaka 2000, Bunge lilibadili Katiba, na sharti la Rais kupata zaidi ya nusu ya kura likaondolewa. Tangu hapo anayewazidi wenzake ametosha. Yaani kanuni iliyompa Mkapa tiketi ndani ya chama ndiyo iliyoondolewa kwa nchi akiwa yeye Rais. Hadi leo hakuna Rais wetu aliyetangazwa kwa chini ya nusu, kwa hiyo kifungu hicho kimelala kimya na watu wengi hawajui kama kipo. Siku kura zikigawanyika kwa wagombea watatu wenye nguvu, kitaamka, na mtu wa asilimia 36 ataapishwa kihalali kabisa huku 64 walimkataa.

Wamalawi waliyaona hayo. Mwaka 2019 Peter Mutharika alitangazwa mshindi kwa asilimia 38 na ushei. Februari 2020 mahakama ilifuta matokeo kwa sababu ya kasoro, na ikatamka kwamba neno "wengi" kwenye Katiba yao maana yake ni zaidi ya nusu. Uchaguzi uliporudiwa Juni, Lazarus Chakwera alishinda. Wakenya wameandika sharti kali zaidi: zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47, ili mtu asiwe Rais wa kwao tu.

Kwenye ubunge hesabu hii inauma zaidi, na Dar tunajua. Mwaka 2015 vyama vya UKAWA, muungano wa upinzani, vilikubaliana visimamishe mgombea mmoja kila jimbo, visinyang'anyane kura. Jimbo la Segerea makubaliano yakavunjika: CUF wakaweka wao, Chadema wakaweka wao. Jimbo likaenda CCM. Kwa mfumo wa mshindi mmoja kila jimbo, kura za walioshindwa hazibebi kitu. Ukishindwa kwa moja au kwa elfu hamsini ni sawa. Wanaofanana wakigawanyika, wanamnufaisha wasiyefanana naye. Uingereza 2024 ilionyesha hilo kwa kiwango cha nchi: chama cha Labour kilipata karibu theluthi moja ya kura kikaondoka na viti 411 kati ya 650. Reform UK walipata asilimia 14 wakaambulia viti vitano, huku Liberal Democrats, wenye asilimia 12, wakipata 72, kwa sababu kura zao zilikuwa zimekusanyika mahali panapofaa.

Dawa inayotajwa ni uwakilishi wa uwiano: asilimia kumi ya kura, asilimia kumi ya viti. Afrika Kusini wanautumia, na mwaka 2024 chama cha ANC kilipata asilimia 40 ya kura na viti 159 kati ya 400. Hesabu imenyooka. Ila tazama upande wa pili wa shilingi. Viti vinajazwa kwa orodha, na orodha inapangwa na chama. Rais anachaguliwa na wabunge, na wabunge wanajua nani anapanga orodha. Septemba 2008 ANC ilimwambia Rais Thabo Mbeki aondoke, akaondoka, na Kgalema Motlanthe akakaa kwenye kiti bila raia wa kawaida kusogea kwenye kituo cha kura. Kwa hiyo mfumo unaotenda haki kwa vyama unaweza kuwaongezea nguvu wakubwa wa vyama, watu ambao mpiga kura hana njia ya kuwafikia.

Sisi tuna kipande cha mfumo huo: viti maalum. Katiba inataka wanawake wasiopungua asilimia 30 ya wabunge wote, na viti hivyo hugawiwa vyama vilivyopata angalau asilimia tano ya kura za ubunge, kila kimoja kwa kadiri ya kura zake. Yule mgombea wa Chadema wa Segerea, mwanamke, aliingia bungeni kwa mlango huo. Nauona ni mlango wa haki, kwa sababu unaziokota kura zilizodondoka majimboni. Tatizo ni kwamba ufunguo wake uko ofisi ya chama.

Na hapo ndipo maswali yangu yanapohamia. Kinyozi aliuliza nani alimchagua. Mimi ningeuliza nani aliliweka jina kwenye karatasi, na nani anaweza kuliondoa. Kwa Tanzania jibu la yote mawili ni chama. Huwezi kugombea urais, ubunge wala udiwani bila kudhaminiwa na chama. Ndani ya chama kuna kura za maoni, halafu kuna vikao, na vikao vinaweza kumkata aliyeongoza kura na kumrudisha wa tatu. Mwaka 2020 watia nia waliobwagwa walituachia msemo, "wajumbe si watu wazuri", tukacheka mwaka mzima. Nadhani wajumbe walionewa. Mjumbe anapiga kura tu. Mkasi uko kwingine. Na ukishachaguliwa, chama chako kikikufukuza uanachama unapoteza ubunge, hata kama jimbo zima linakutaka. Mtu ambaye hukumpigia kura anaweza kumng'oa uliyempigia.

Jina likishazuiwa mlangoni, kabla ya kufika kwenye karatasi, namna ya kuhesabu haisaidii. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi, nyingi kwa kupita bila kupingwa. Oktoba 2025 Rais Samia alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98. Chadema hawakuwemo kwenye karatasi, walizuiwa baada ya kukataa kusaini kanuni za maadili wakidai mageuzi kwanza. Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo alienguliwa. Siku ya kura Dar iliingia kwenye maandamano, watu walikufa, intaneti ilizimwa, amri ya kutotoka usiku ikatangazwa. Waangalizi wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi huo haukukidhi vigezo. Asilimia 98 ingetosha kwa mfumo wowote wa kuhesabu duniani, wa wingi, wa nusu au wa uwiano. Ridhaa haihesabiwi hivyo.

Aliyeliona suala la mlango mapema kuliko wengi ni Mchungaji Christopher Mtikila. Alidai mgombea binafsi, mtu asimame bila chama. Mahakama Kuu ilimkubalia mwaka 1994, Bunge likabadili Katiba kuziba pengo. Alirudi, Mahakama Kuu ikamkubalia tena 2006, Mahakama ya Rufani 2010 ikasema hilo ni la Bunge, si la majaji. Akapanda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, na Juni 2013 akashinda: zuio hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu. Karatasi ya kura ya mwaka ule haikuwa na mgombea binafsi. Ya 2020 haikuwa naye, na ya 2025 haikuwa naye.