Kompresheni: uwiano ni kitu kimoja, presha ni kingine

"Kompresheni imeshuka, peleka hedi ikachongwe." Yaani mfuniko wa juu wa silinda ukatwe uso kidogo. Ushauri huu unatolewa kila wiki kwenye gereji za Unga Limited, Arusha, na za Moshi mjini, na hedi nyingi nzima zimeharibiwa kwa ajili yake. Anayeutoa anachanganya vitu viwili vyenye jina moja.

Uwiano wa kompresheni ni hesabu tu: ujazo wote wa silinda pistoni ikiwa chini kabisa, gawanya kwa ujazo unaobaki pistoni ikiwa juu kabisa. Hausomwi kwenye geji. Presha ya kompresheni ndiyo inayosomwa kwenye geji, ukiifunga kwenye tundu la plagi na kupiga stata. Maana zenyewe ndizo hizo. Shida inaanza watu wanapoamini kwamba kimoja kikishuka na kingine kimeshuka.

Chukua 4A-GE ya Toyota, ile ya valvu 16 iliyokuja na Corolla AE86 mwaka 1983, kwa kuwa ndiyo injini ambayo kijana mwenye pesa ya mawazo huitamani. Kipenyo cha silinda ni mm 81, mwendo wa pistoni mm 77, kwa hiyo kila silinda inafagia cc 396.8. Toleo la mwanzo lina uwiano wa 9.4, yaani 9.4 kwa 1. Maana yake juu ya pistoni inabaki nafasi ya cc 47.2, ukijumlisha chumba cha hedi, unene wa gasketi na umbo la kichwa cha pistoni. Toleo la baadaye lilipandishwa hadi 10.3, nafasi ikabana kufikia cc 42.7. Hivi ni vipimo vya chuma. Ringi, zile pete zinazoziba kati ya pistoni na silinda, zikila kuta za silinda mpaka gari lifukize moshi wa bluu njia nzima ya Usa River, uwiano bado ni 9.4. Unabadilika ukibadilisha umbo: pistoni nyingine, gasketi nyembamba, hedi iliyochongwa, au kaboni iliyojijenga juu ya pistoni (na hiyo huupandisha, haiushushi).

Presha ndiyo inayopanda na kushuka, na sababu zake ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ya kwanza kila mtu anaijua: hewa inavuja kwenye ringi, valvu au gasketi. Ya pili ni kemshafti, shafti inayofungua na kufunga valvu. Kompresheni halisi haianzi pistoni inapoanza kupanda. Inaanza valvu ya kuingizia hewa inapofunga. Kemshafti ya mashindano huchelewesha kufunga huko, hivyo kwenye mzunguko mdogo wa stata sehemu ya hewa inarudishwa ilikotoka. Mtu anafunga kemshafti za digrii 288 kwenye injini mpya kabisa, geji inasoma pungufu ya zamani, anaambiwa ringi zimekufa, anafungua injini nzima bure.

Ya tatu ni mahali ulipo, na hii ndiyo inayosahaulika zaidi huku kwetu. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa yake ni kama asilimia 85 ya ile ya Tanga. Injini ileile, yenye afya ileile, inayosoma psi 180 (pauni kwa inchi ya mraba) Tanga itasoma 152 hivi Arusha na 162 hivi Moshi. Vitabu vya ufundi kwa kawaida vinatoa namba za usawa wa bahari. Kabla hujalia kwamba injini yako imeshuka chini ya kiwango, zidisha namba ya kitabu kwa 0.85 ukiwa Arusha, kwa 0.90 ukiwa Moshi, ndipo ulinganishe.

Halafu kuna kupima vibaya. Injini iwe ya moto, plagi zote nne zitoke, umeme wa koili na nozeli ukatwe, betri iwe na chaji ya kutosha, na pedali ya mafuta ikanyagwe hadi mwisho. Hilo la pedali hurukwa mara nyingi. Ikiwa haijakanyagwa, silinda inanyimwa hewa na geji inadanganya. Piga stata mizunguko sita au saba kwa kila silinda, idadi ileile kwa zote, na uangalie pigo la kwanza. Likiwa dogo kisha presha ikapanda hatua kwa hatua, shaka ringi. Likiwa dogo na mapigo yanayofuata hayaongezi kitu cha maana, shaka valvu. Mwaga kijiko cha oili ndani ya silinda iliyo chini, pima tena: ikipanda sana ni ringi, ikibaki palepale ni valvu au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi imetoboka katikati yao. Namba ya juu kabisa si muhimu kama kulingana kwa silinda: tofauti ikizidi asilimia 10 hadi 15, kuna kitu.

Anayetaka uhakika zaidi aazime kompresa. Silinda iwe na pistoni juu kabisa na valvu zote zimefungwa, kirenki (shafti inayozungushwa na pistoni) kizuiwe kisizunguke, upepo uingizwe kupitia tundu la plagi, kisha usikilize. Ukivumia kwenye ekzosi, ni valvu ya ekzosi. Ukisikika kwenye njia ya kuingizia hewa, ni valvu ya upande huo. Ukitoka kwenye mfuniko wa oili, ni ringi. Rejeta likitoa mapovu, ni gasketi au hedi imepasuka.

Sasa rudi kwenye ule ushauri wa kuchonga hedi. Presha imeshuka kwa sababu ringi zimechakaa. Fundi anachonga mm 0.5, nafasi inabana, geji inapanda kidogo, mteja anafurahi. Ringi zinavuja vilevile, oili inaungua vilevile. Kilichoongezeka ni uwiano, ambao haukuwa na tatizo. Kwenye injini ya mkanda wa taimingi kama 4A-GE, kuchonga pia kunasogeza kemshafti karibu na kirenki, taimingi ya valvu inachelewa kidogo, na nafasi kati ya valvu na pistoni inapungua. Hedi huchongwa kunyoosha uso uliopinda baada ya kuchemsha, au kwa makusudi ya kupandisha uwiano baada ya hesabu. Basi.

Na hata huko kupandisha uwiano kunasifiwa kupita kiasi. Kwa hesabu ya ufanisi wa injini ya petroli, kutoka 9.4 hadi 10.3 ni nguvu kama asilimia 2.5. Kwenda ovasaizi ya mm 0.5, yaani kupanua silinda na kuweka pistoni kubwa zaidi, kunakupa cc 1,607 badala ya 1,587 na uwiano wa 9.5. Ovasaizi ni ya kuondoa kuta zilizoliwa, anayeiuza kama nguvu anauza upepo. Mwenye bajeti ndogo aanze na kuziba. Valvu zisagwe, kisha chumba kijazwe petroli na kuachwa dakika chache kuona kama inapenya. Kuta za silinda zikwaruzwe upya kwa mawe, michirizi ikatane kama nyuzi 45, maana ringi mpya kwenye kuta zinazong'aa hazikai. Ukingo uliojengeka juu ya silinda uondolewe kwanza, la sivyo ringi mpya ya juu inaugonga na kuvunjika. Pengo la ringi ya juu lipimwe kwa fila geji ndani ya silinda yenyewe, ringi ikiwa imesukumwa na pistoni ili ikae sawa: kwa mm 81, karibu mm 0.30 hadi 0.35. Likiwa dogo mno, ncha zinagusana injini ikipata moto na ringi inakwangua silinda.

Ukishaziba, na bado unataka uwiano, pima usikisie. Kipande cha plastiki ngumu inayoona, chenye tundu dogo, kipakwe grisi na kubandikwa juu ya chumba cha hedi. Jaza mafuta ya taa kwa sindano ya mililita 50 kutoka duka la dawa, uandike cc ngapi zimeingia. Gasketi nyembamba kwa mm 0.4 inaondoa cc 2.1 na kukufikisha 9.8, bila kukata chuma. Weka udongo wa kuchezea wa watoto juu ya pistoni, funga hedi na taimingi, zungusha kirenki kwa mkono mara mbili, fungua, kata udongo: pabaki angalau mm 2 upande wa kuingiza na 2.5 upande wa ekzosi.

Halafu kumbuka barabara inakokwenda. Injini iliyokazwa uwiano na taimingi ya moto (wakati plagi inaporusha cheche) ikiwa Arusha huweza kuonekana tulivu kwa sababu hewa ni nyepesi. Ikishuka Same na Korogwe kwenye joto na hewa nzito, inaanza kugonga, yaani mafuta kulipuka yenyewe ndani ya silinda, na kugonga kwa muda mrefu huvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi. Taimingi ipangwe kwa ajili ya Tanga, hata kama gari linalala Njiro, Arusha.

Kosa la mwisho ni dogo, na linaeleweka. Geji nyingi zina mistari miwili, psi na bar. Mtu anaona sindano kwenye 10.5, anatangaza kwamba injini yake ina kompresheni ya 10.5 kwa 1. Hiyo ni bar, mkuu. Hewa inayobanwa hupata joto, kwa hiyo presha hupanda kuliko ujazo unavyopungua, huku uvujaji na valvu inayochelewa kufunga vikiirudisha chini. Namba mbili hizo zikikaribiana ni bahati tu. Hiyo 10.5 iliyosomwa Arusha ni psi 152, na inaweza kabisa kutoka kwenye injini ya 9.4 iliyozibwa vizuri.