Galaksi zikiungana, mashimo meusi yake hayagongani siku hiyo hiyo

Kila klipu mpya ikianza kuzunguka Whatsapp, eti mashimo meusi mawili makubwa yamegongana na sayansi imethibitisha, meseji zinatujaa hapa kitengo cha elimu kwa umma, basi ngoja tuliweke sawa. Galaksi mbili zikiungana, kila moja inakuja na shimo jeusi lake, kitu chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki, lenye uzito wa mamilioni au mabilioni ya Jua. Shimo likipita katikati ya nyota linazivuta, zinajazana nyuma yake na kulizuia, linapunguza mwendo na kuzama taratibu kuelekea katikati, na hapo tu mamia ya mamilioni ya miaka yanaweza kuisha. Kule kwenye galaksi ya NGC 6240 darubini ya Chandra iliyaona mawili yote yanakula gesi, taarifa ikatoka 2002, na bado yameachana kama miaka nuru 3,000.

Yakishaanza kuzungukana, nyota inayojipitisha karibu inatupwa nje kwa kasi na kuondoka na nishati, mashimo yanasogeleana. Ila nyota za jirani zinaisha! Wanasayansi Begelman, Blandford na Rees waliliona hili tangu 1980: jozi inaweza kukwama ikibaki miaka nuru kama 3, ambapo mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga lenyewe inayobeba nishati ya jozi, bado ni dhaifu mno kumalizia kazi. Labda gesi isaidie, au galaksi ambayo haijatulia iendelee kuleta nyota nyingine. Jozi iliyo kwenye galaksi ya 0402+379 imebakiza miaka nuru 24 hivi na mzunguko mmoja unachukua karibu miaka 30,000, sasa nyie mnaodai video mtusamehe tu. Na ule mgongano ulionaswa 2015 na LIGO, mitambo ya kupima mawimbi ya mvutano, siyo huu jamani, mashimo yale yalikuwa madogo, uzito wa Jua 36 na 29.

Kuhusu kutangaza, utaratibu uko hivi. NANOGrav, kundi la wanasayansi wanaosaka mawimbi ya mvutano, walipima mapigo ya pulsa 67 (mabaki ya nyota yanayozunguka na kutuma mapigo ya redio kama saa) kwa miaka 15, wakatafuta kuwahi na kuchelewa kwa mapigo kunakosababishwa na mawimbi hayo, kunakofuata pembe kati ya pulsa na pulsa. Juni 2023 wakatoa matokeo ya sigma 3.5 hadi 4 (sigma ni kipimo cha uhakika), wakati ugunduzi unadai sigma 5, yaani uwezekano kwamba ni bahati tu uwe chini ya moja kwa milioni 3, kwa hiyo wao wenyewe walisema ushahidi, wakaishia hapo. Tena walichokiona ni mvumo wa jumla wa mawimbi ya mvutano, unaodhaniwa kutoka kwa jozi nyingi mno kwa pamoja, hakuna galaksi iliyotajwa, hivyo posti inayotaja galaksi msiifowadi. Kama kweli mvumo ni wa jozi hizo, basi nyingi zinavuka pale pa kukwama. Jozi nyepesi zaidi, za mamilioni ya Jua, zikimalizana zitasikiwa na LISA, mitambo ya angani ya kupima mawimbi ya mvutano ya shirika la anga la Ulaya, inayopangwa kurushwa katikati ya miaka ya 2030.